Nimeachiwa chupa ya Flor de Pingus na mgeni, kijiwe kinasema ni milioni mbili na nusu, nisaidieni

mhudumu_raskazone

Wakuu habari za jioni, poleni na joto. Mie ni mhudumu wa mgahawa kwenye kihoteli kimoja huku Raskazone, Tanga mjini. Waini naijua ile ya kazini tu, nyekundu kwa nyama nyeupe kwa samaki, basi, zaidi ya hapo msinihoji.

Sasa mwezi wa kumi na mbili walikuja wageni wawili, mtu na mkewe, watu wazima, Wadenishi. Wakakaa siku sita, wameenda mapango ya Amboni, wameenda kisiwa cha Toten kwa boti, mambo safi. Siku mbili kabla ya kuondoka yule mzee jino likamvimba, daktari kampa antibayotiki na kumkataza pombe. Na walikuwa wamebeba chupa yao moja toka kwao waje waifungulie huku siku ya kumbukumbu ya ndoa yao, ikabidi waiache. Wakanipa mie, na elfu hamsini juu. Mzee akaniambia polepole hii imetengenezwa na mtu wa kwetu Denmark ila zabibu ni za Hispania, na hilo Pingus ni jina lake la utotoni. Nikashukuru nikaenda nayo geto nikaiweka juu ya kabati nikaisahau.

Juzi jamaa yangu kaja kaiona kapiga picha, picha ikafika kijiwe cha kahawa Ngamiani, pale kuna mmoja kagugo Pingus akaanza kupiga kelele eti chupa moja milioni mbili na nusu. Tangu siku hiyo sina amani wakuu, watu ambao hata salamu hatupeani wananiita mjomba. Kuna mmoja kashafika bei laki na nusu taslimu nimemwambia ngoja kwanza.

Lebo imeandikwa Flor de Pingus, chini yake Ribera del Duero, mwaka 2016. Naomba mwenye kujua anisaidie, hii ndo yenyewe ya milioni au kuna mchezo hapa? Huyo Mdenishi ni nani mpaka waini iitwe jina lake la utotoni, na shamba lenyewe liko wapi hasa mana Denmark na Hispania naona ni mbali na mbali. Na nifanyeje, niuze, ninywe, nitunze? Wale wa kuniambia haramu nawajua, mie Mkristo wa Soni, mashehe zangu mnisamehe tu.

chuda_finest

Milioni mbili na nusu maji ya zabibu?? Mie kwa hela hiyo nanunua pikipiki mtumba na naiendesha nikiwa na akili zangu. Uza kaka, uza leo, kesho jamaa atapata fahamu.

steward_mstaafu

Mdogo wangu tulia. Mie nimebeba sahani na chupa kwenye meli za watalii miaka kumi na saba kabla sijarudi Tanga kufuga kuku, waini nilijifunza kwa lazima mana huko ukifungua chupa siyo unakatwa mshahara. Pingus nimeimimina kwa mikono yangu hii mara mbili, na kuonja nimeonja mara moja, yale mabaki ya chini ya chupa, kama vijiko viwili vya chai.

Kwanza nikuondolee presha: ulichonacho sio Pingus. Ni Flor de Pingus, mdogo wake. Baba mmoja, shamba mbalimbali. Kwa huyo bwana kuna ngazi tatu, juu kabisa Pingus yenyewe, katikati Flor, chini yao kuna inayoitwa PSI. Pingus ndo inacheza kwenye dola elfu moja huko, mwaka mwingine inapita, hiyo ndo milioni aliyoiona mtu wa kijiweni, kasoma neno moja kaacha mawili. Flor ni dola mia moja na kitu. Kwa hiyo huyo wa laki na nusu sio mjinga hata kidogo, anajua anachokifanya.

Mwenyewe anaitwa Peter Sisseck, kazaliwa Copenhagen 1962. Kwao kweli hakuna waini ya kutambia, baridi tupu, ila kwenye ukoo wao kulikuwa na mzee mmoja, Peter Vinding-Diers, huyo alikuwa anatengeneza waini Bordeaux kule Ufaransa, kijana akajifunzia kwake. Mwaka 1990 akaingia Hispania kwenye kazi ya kuinua shamba la watu linaitwa Hacienda Monasterio. Sasa hebu jiweke pale: kutwa unahangaika na mizabibu michanga iliyopandwa juzi, halafu jioni ukipita njia ya kijijini unaona wazee wana mizabibu mikongwe imejikunja kama kidole cha bibi, zabibu zake wanauza kwa kilo zinachanganywa na za kila mtu, wengine wamechoka wanaing'oa walime kitu kingine. Ukiwa unajua kazi inakuuma.

Basi akatafuta viploti vyake viwili kijiji cha La Horra, humo humo Ribera del Duero, Hispania, kimoja kinaitwa Barroso kingine San Cristóbal, mizabibu ya tangu 1929. Mwaka 1995 akavuna mara ya kwanza akaita Pingus. Ndo mana inaitwa waini yake binafsi, haikuwa ya ofisi, ilikuwa ya kwake kwa jina la kwao nyumbani, kama wewe mama yako anavyokuita.

Mwaka huo wa kwanza zilitoka kreti 325 tu. Kreti moja chupa 12, piga mwenyewe.

chuda_finest

3,900. Sasa chupa elfu tatu na mia tisa dunia nzima hiyo si harusi nane tu za Tanga

steward_mstaafu

Harusi za Tanga hazina waini shehe, hapo umetuangusha. Ila subiri nimalizie. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 200, na kwa 1995 hiyo ni bei ya wazimu kwa waini ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Halafu Novemba 1997 meli iliyobeba kreti 75 kwenda Marekani ikapotelea kule karibu na visiwa vya Azores katikati ya Atlantiki. Kreti 75, chupa 900, chini. Karibu robo ya mzigo wote wa mwaka wa kwanza. Bei ikaruka kutoka 200 mpaka 495 kama imekanyaga moto. Wanywaji wenyewe wengi hawajaonja hata tone, wamesikia tu imezama.

baharia_wa_zamani

Hapo ndo nilipokuwa nasubiri. Nimefanya kazi bandari ya Tanga enzi zile meli zinatia nanga nje huko mzigo unashushwa kwa matishari, kabla gati halijachimbwa hawa watoto wa sasa hawajui. Mzigo ukidondoka majini kwetu mwenye mzigo analia na klaimu, sijapata kuona mzigo unadondoka halafu kilichobaki nchi kavu kinapanda bei zaidi ya mara mbili. Saruji ilizama mbele ya macho yangu mwaka fulani, sikuona mfuko wa dukani umeongezeka hata mia.

steward_mstaafu

Saruji inatengenezwa nyingine kesho, mzee wangu. Mwaka 1995 wa lile shamba haurudi.

dada_wa_makorora

Naomba niulize kitu na msinirukie. Mie nasoma haya yote naona stori ya jina tu. Mzungu kapata shamba la wazee kwa bei ya bure, kampa jina lake, meli imezama, watu wamechanganyikiwa. Hao wazee wa La Horra waliopanda 1929 majina yao yako wapi kwenye hiyo lebo? Na hiyo bei ya mwanzo ilitoka wapi kama hakuna aliyeijua? Mtu tu anaamka anasema dola 200?

steward_mstaafu

Dada umeshika penyewe. Bei ilitokana na mdomo wa mtu mmoja, Robert Parker, Mmarekani, huyo alikuwa anazipa waini maksi kama mwalimu wa darasa la saba. Akaionja ikiwa bado kwenye pipa akaipa kati ya 96 na 100. Zama zile Parker akikupa 100 unaweza kumaliza kuuza kabla hujafunga chupa. Kwa hiyo sikubishii, kelele zilikuwepo na zilisaidia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa huyu nitamtetea kidogo tu, hajaongeza maji. Angeweza kukodi mashamba mengine akatoa chupa laki moja kwa jina lile lile, watu wangenunua. Pingus mpaka leo inatoka kwenye viploti vile, mwaka mwingine hata kreti 500 haifiki. Akitaka kuuza nyingi anauza Flor na PSI, na anaandika wazi ni Flor na PSI.

Na la wazee, hiyo PSI ndo jibu lake ingawa la nusu. Anachukua zabibu za wakulima wadogo wenye mizabibu mikongwe ya eneo lile, anawalipa vya kutosha wasiing'oe. Jina la herufi ya Kigiriki Ψ, ukiitazama vizuri ni mzabibu mzee umenyoosha mikono.

msambaa_wa_soni

Mtoa mada mtu wa nyumbani! Onga mndughu. Kuhusu shamba ngoja niongee mie mana mababa wa misheni ya Sakharani pale jirani na Soni wana mizabibu yao na waini yao, na mie ujana wangu nimepogolea mizabibu, mikono hii ina makovu ya ule mkasi hadi leo.

Watu wanafikiri mzabibu ni kama mgomba, ukizeeka toa weka mwingine. Mzabibu ukiwa mchanga una fujo, majani mengi, vichala vingi, ila juisi yake ni nyepesi, maji maji. Ukizeeka unapunguza. Vichala vinakuwa vichache, tembe ndogo ndogo, ganda linakuwa jingi ukilinganisha na maji, na rangi na sehemu kubwa ya ule ukakasi viko kwenye ganda. Mkulima anayeuza kwa kilo anaona hasara, ndo mana anaung'oa. Anayeuza kwa chupa anaona mali. Yani mti ni ule ule, mmoja anautazama na mzani mwingine anautazama na glasi.

Na kule kwao hawaweki waya na nguzo kama unavyoona Dodoma. Ile mikongwe inaachwa isimame yenyewe, kisiki kifupi chini kabisa kinatoa mikono pande zote kama bakuli, kila kimoja mbali na mwenzake, hakimwagiliwi. Mizizi inaenda kutafuta maji yenyewe. Kazi yote ni ya kuinama, trekta haliwezi kuvuna pale, unavuna na kisu umepiga magoti. Mgongo unauma mie najua.

Kingine ni mwinuko. Ribera del Duero iko mita 700 mpaka 900 na zaidi juu ya bahari, mchana wa kiangazi jua linachoma, usiku baridi inashuka unatafuta sweta. Hiyo baridi ya usiku ndo inafanya zabibu iive bila kupoteza uchachu. Na ina hatari zake, hata mwezi wa nne wa tano umande wa barafu unaweza ukashuka ukachoma machipukizi yote, mwaka wako umeisha pale pale. Aina ya zabibu ni Tempranillo, wenyeji wanaita Tinto Fino.

chuda_finest

Dodoma si iko juu pia? Kwa nini sisi hatuna Pingus yetu? Tumerogwa?

msambaa_wa_soni

Dodoma iko mita 1,100 na ushee, juu kuliko La Horra. Ila sisi tuko karibu na mstari wa Ikweta, hakuna kipupwe cha kuulaza mti. Kule mzabibu unapukutika majani unalala miezi, unaamka mara moja unazaa mara moja. Dodoma haulali, unaupogolea unaamka, mkulima anavuna mara mbili kwa mwaka. Kwa mtu wa zabibu za kula au za kiwanda ni neema, kwa waini ya namna hiyo mti hauna nafasi ya kupumzika. Hatujarogwa, ni hali ya hewa. Na historia yenyewe ni fupi, mizabibu ya Dodoma inasemwa kuletwa na wamisionari Waitaliano pale Bihawana, wakati Ribera wana kampuni kama Vega Sicilia iliyoanza 1864.

mwalimu_wa_bagamoyo

Nimepita tu lakini kwa kuwa mmetaja wamisionari. Huku kwetu Bagamoyo mapadri Wafaransa walifika 1868, na ndiyo maana kanisani hamsikii mvinyo, mnasikia divai, ni Kifaransa hicho, du vin. Mvinyo ni Kireno, vinho. Na huo mto Duero wa mtoa mada ukiingia Ureno unaitwa Douro. Waswahili tulionja majina ya waini ya nchi mbili kabla ya kuonja waini yenyewe. Samahani, endeleeni.

dada_wa_makorora

Mwalimu umenifurahisha. Ila sijakubali bado. Shamba shamba shamba, mbona sisi tuna mashamba ya miaka mia na hakuna anayejali? Mkonge. Babu yangu kakata mkonge Muheza maisha yake yote. Nani anauliza kamba imetoka shamba gani?

baharia_wa_zamani

Hapo umesema mwanangu. Mkonge wote wa Tanga umetokana na miche 62. Yule Mjerumani Hindorf aliagiza miche 1,000 toka Florida mwaka 1893, mingi ikafia njiani, iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Hebu fikiria ingekuwa waini, Kikogwe leo ingekuwa na kibao cha dhahabu na geti, na mtalii analipa kiingilio. Sisi marobota tuliyapakia kwa gredi. Gredi imeandikwa pembeni, urefu wa nyuzi na weupe, basi. Ukishafunga robota shamba limekufa.

steward_mstaafu

Mzee umenimaliza, nimekaa hapa nafikiria kuku wamelala. Kweli. Kamba ya meli ikikatika haijalishi ilitoka Kikogwe au Muheza. Waini mtu ananunua kwa sababu imetoka pale na sio pembeni ya pale. Ndo biashara nzima hiyo. Na ndo mana hiyo Flor pamoja na kwamba nayo inatoka La Horra, mtengenezaji yule yule, zabibu aina ile ile, bei ni moja ya kumi. Mipaka ya shamba tu. Ungenipa zote mbili nimefungwa macho ningejua ipi ni ipi? Ile siku niliyoonja Pingus, vile vijiko viwili, nakumbuka ilivyokaa. Ulimi ulikuwa umefunikwa na kitu kama kitambaa, nikaenda kuosha glasi, nikarudi kupanga meza, bado kipo. Lakini pia nilikuwa najua bei yake, na bei nayo ina ladha, nisiwe muongo.

mhudumu_raskazone

Wakuu nashukuru sana, nimejifunza kuliko miaka yangu yote ya kazi. Onga msambaa. Kwa hiyo ni Flor, ni ya laki mbili na nusu tatu hivi. Roho imetulia ingawa imeuma kidogo haha. Nimeamua niiuze kwa laki mbili na nusu nimwambie jamaa ndo bei yake halali.

Sasa nimeishusha leo niifute vumbi nipige picha nzuri, naona shingoni ina kitu kinanata kama asali imechuruzika ikakauka, na lile karatasi la juu limevimba, kama kizibo kinataka kupanda. Hii ni kawaida? Itakuwa ni waini nzuri hivyo ina nguvu?

steward_mstaafu

Duh. Ilikuwa imekaa wapi?

mhudumu_raskazone

Juu ya kabati. Geto langu la bati halina silingibodi. Tangu mwezi wa kumi na mbili

msambaa_wa_soni

Mwezi wa kumi na mbili wa kwanza wa pili. Tanga. Chini ya bati. Mungu wangu.

steward_mstaafu

Mdogo wangu pole. Imepikwa. Ndani ya chupa waini ikipata joto inatanuka, haina pa kwenda, inasukuma kizibo, kidogo inavujia pembeni inakauka ndo huo unato. Usiku ikipoa inanywea inavuta hewa. Mchana inasukuma usiku inavuta, miezi mitatu. Waini inataka nyuzi joto 12, 14, sehemu yenye giza, chupa imelazwa ili kizibo kisikauke. Juu ya kabati chini ya bati huko saa nane mchana mie nadhani hata yai linaiva.

Kwa hiyo kuuza futa. Anayejua akiiona shingo hiyo hanunui, na asiyejua ukimuuzia utakuwa umemuibia, na bila leseni ya pombe unajitafutia kesi juu. Ifungue, usiiache hata wiki. Iweke friji nusu saa tu, sio saa nne, halafu imimine polepole kwenye jagi la kioo iachwe ipumue. Inaweza ikawa haijafa yote.

Na ukimaliza, CHUPA TUPU USIMPE MTU WA KIJIWENI. Chupa za namna hiyo zinanunuliwa zinajazwa waini ya bei rahisi zinazibwa tena. Marekani kuna mtu aliitwa Rudy Kurniawan, alikuwa anachanganya jikoni kwake anabandika lebo za kifahari anawauzia matajiri, 2014 akapigwa miaka 10 jela.

chuda_finest

sasa nimeelewa kwa nini yule wa laki na nusu alikuwa na haraka hakuuliza hata imehifadhiwa wapi

mhudumu_raskazone

Wakuu, mrejesho. Jumapili nilienda nayo Soni, nimeifunga na khanga mbili zilizoloa maji kwenye begi ili isizidi kupata shida, makonda kaniuliza nimebeba mtoto. Nikafika nimewakuta mama na mjomba. Friji hatuna nikaiweka kwenye ndoo ya maji ya mto, na maji ya Soni mnayajua, mkono unakufa ganzi.

Kizibo kilitoka laini sana, upande mmoja kilikuwa chekundu mpaka juu. Nikamimina kwenye jagi la maji la mama. Rangi ilikuwa bado nzito, hauoni kidole upande wa pili. Harufu ya kwanza ilikuwa kama jamu iliyoungulia chini ya sufuria, nikasema ndo basi. Tukaiacha tukala ndizi na nyama ya mbuzi, kama saa nzima. Nikarudi kunusa, ile harufu ya kuungua ilikuwepo lakini nyuma yake kukawa na kitu kingine, kama zambarau zile nyeusi zilizoiva zikaanguka chini, na ule unga unga wa mbao mpya ukipita kwa fundi seremala. Mdomoni ukakasi, lakini sio ule wa bibo unaokufunga koo, huu ulitandaza tu ukatulia. Steward ulichosema cha kitambaa nimekipata kidogo. Kidogo tu, kwenye kingo za ulimi, halafu ile ya kuungua ikarudi ikafunika.

Mjomba kaonja kasema pombe ya boha ya marehemu baba yake ilikuwa bora. Kanywa glasi tatu lakini.

Jamaa wa kijiweni jana kanifuata kazini, anataka chupa tupu, kafika elfu ishirini. Nimempigia mama nimwambie aivunje, kaniambia kashaiosha, lebo kaibandua na maji ya moto kwa sababu ilikuwa inamchafua mkono, na saa hii ina mafuta ya nazi.

steward_mstaafu

Mwambie asiiweke juu ya kabati.